Jogoo wa Bibi Mariana

Bibi Mariana alipoliona jina lake kwenye mnara wa wafu, alicheka mpaka kilemba kikamdondoka.

"Masalu, njoo unione. Wameniandika kwa rangi ya dhahabu, na mimi nimekaa machimboni Segese miaka ishirini bila kuokota hata punje."

Masalu alikuja na andazi mdomoni. Bibi hakumzaa, ila miaka yote hiyo walikuwa wakiwauzia wachimbaji ugali pamoja, na kwake huyu ndiye mtoto.

"Mama, punguza sauti. Watu wanalia hapa."

Kweli walikuwa wakilia. Mnara ule wa Shinyanga mjini ulikuwa wa vikongwe waliouawa kwa kuitwa wachawi, eti kisa macho mekundu, kana kwamba yupo anayepikia mavi ya ng'ombe miaka hamsini akabaki na macho meupe. Lakini Bibi alie nini naye yu hai? Shemeji yake, aliyetaka afe ili achukue shamba la Samuye, alizikwa wiki iliyopita. Leo alitaka kitu kimoja tu: jina lifutwe, arudi kwao, amkumbatie mdogo wake Esta kabla hawajachakaa zaidi ya hapo. Furaha ilimpanda kichwani kama pombe ya mtama.

Karani wa mnara, kijana aitwaye Herman, alimpa shikamoo, akamsikiliza, akafungua daftari macho yakiwa yamemtoka.

"Bibi, hapa imeandikwa damu ilikutwa mlangoni kwako."

"Ya jogoo wangu hiyo, mjukuu wangu. Ilimwagwa pale ili shemeji aamini. Na jogoo mwenyewe tulimla njiani, tukabaki tunalamba vidole."

Herman akaacha kuandika. "Mlimla na nani?"

Bibi akamtupia Masalu jicho.

"Nauliza kwa sababu shemeji yako alimtuma mtu na panga," Herman aliendelea, "na polisi wanamtafuta mpaka leo. Jina lako halifutwi mpaka la mtu huyo lipatikane."

Bibi aliutazama mnara. Alimfikiria Esta, na moyo ukamuuma sana. Halafu akaangua kicheko kikubwa kuliko vyote vya asubuhi ile.

"Pole, mjukuu wangu, nimekuchezea. Mimi ni mtani wa marehemu tu, na sisi watani hatujui kulia msibani. Mariana alikufa zamani, Mungu amrehemu."

Herman alikunja uso, kisha akacheka naye, akafunga daftari.

Bibi akajifunga kilemba chake vizuri, akamshika Masalu mkono. Wakavuka barabara.

"Tukifika nyumbani unikatie kuni, mwanangu," alisema. "Lile panga ulilokuja nalo kwangu siku ile bado lina makali."