Samaki wa Baruti

Wiki nzima Somoe alikuwa akishuka ufukweni na wachuuzi wenzake, kisha akirudi na beseni tupu. Asubuhi hiyo mlipuko ulisikika tena baharini, na mashua ikaja imejaa samaki aina ya changu.

Alimwinua mmoja, akambonyeza ubavuni. Nyama ilibonyea kama embe bovu. Mifupa ilikuwa imesagika ndani.

"Wa baruti sinunui," alisema, akamrudisha.

Wanawake wakacheka. "Peke yako utazuia nini, dada? Watoto wako leo watakula matumbawe?"

"Baruti inayavunja hayo matumbawe wanamoishi samaki. Yakiisha, wa kwenu watakula nini?"

Hakusubiri jibu. Nyumbani kulikuwa na muhogo mkavu tu. Alikuwa ameanza kupanda njia ya kijijini aliposikia kicheko kimekatika.

Akageuka. Wifi yake, mke wa nahodha mwenyewe wa mashua ile, alikuwa akimwaga samaki wake mchangani, miguuni pa mumewe.

"Hata wewe?" nahodha aliuliza.

"Hata mimi. Nenda kavue kwa nyavu, mume wangu. Tutakungoja."

Nyuma yake, mwanamke mwingine akalishusha beseni lake kutoka kichwani, tayari naye kumwaga.