Kiti cha Dirishani

Siku ya kwanza ya Thanasis kuwa kocha wa timu ya soka ya mji wao mdogo huko Ugiriki, aliingia chumba cha kubadilishia nguo na, bila kufikiri, akaketi penye dirisha, pale alipokaa miaka yote alipokuwa kiungo. Harufu ya dawa ya kuchua ikampeleka mbali. Akainama kukaza kamba za viatu.

Kiungo mpya, Lefteris, akasimama mbele yake na jezi mkononi.

"Samahani, kocha. Hapo nakaa mimi."

Wachezaji wengine wakageuka kutazama. Thanasis akainuka taratibu, akampisha.

"Ukikaa hapa," akamwambia, "unawasikia mashabiki kabla hujawaona."

Wachezaji walipotoka, yeye alibaki mlangoni, akisikiliza njumu zao zikigonga sakafu mpaka zilipofika kwenye nyasi.