Dua ya Kufunga Baraza

Afisa wa pesa za wazee alitazama saa, akamgeukia imamu. "Maalim, tufungie kwa dua."

Damu ilimchemka Mbeyu. Wazee wa Kikoneni walimchagua awe msemaji wao, na kila baraza lilikwenda hivyo hivyo: hotuba ndefu, kisha dua kabla ya maswali. Na dua ikishaanza, nani atathubutu kusema?

Viganja vikafunguka baraza zima. Kando yake, bibi jirani aliyekatiwa pesa tangu alipoandikwa kwamba amekufa alifungua vyake pia. Vilikuwa vikavu, vyenye sugu za kusuka mikeka.

Mbeyu naye aliinua mikono. Akaitazama. Akaishusha.

"Uniwie radhi, maalim," alisema, na imamu akanyamaza katikati ya dua. "Kabla hujamaliza, tuombee na marehemu wetu."

"Marehemu yupi, mwanangu?"

"Huyu hapa." Akamgusa bibi begani. "Muulize bwana afisa alifariki lini, maana sisi majirani hatukumzika."

Afisa alifungua mdomo, lakini bibi alimtangulia. Viganja vyake vilikuwa bado wazi.

"Amin," aliitika.