Ukurasa Mmoja wa Mama

Mama alikiinua kikombe kilichokuwa juu ya meza ya sebuleni, akachungulia ndani. Chai ya juzi ilikuwa imeota ukungu wa kijani, wenye manyoya. Wanawe wawili hawakuinua hata macho kutoka kwenye kompyuta zao.

"React," alisema kaka mtu.

"Vue," alijibu dada mtu.

Wote wawili walikuwa mafundi wa tovuti, kila mmoja akitetea zana yake ya kuzijengea, na wote walikuwa wameshavuka miaka thelathini. Mama yao, mshonaji wa magauni, alikuwa amewaomba kitu kidogo: ukurasa mmoja wa mtandaoni. Ana kitu anataka kukiuza, alisema, na wanunuzi wa siku hizi wako mtandaoni. Uwe na picha, bei na namba yake ya simu. Basi.

Hiyo "basi" hawakuisikia. Kaka alidai ukurasa usiojengwa kwa React ni banda la kuku. Dada akasema React kwa ukurasa mmoja ni kuita tingatinga lipalilie ua moja. Walipochoka hapo wakahamia kwenye mapambo. Kaka alitaka Tailwind, iliyokuja na mitindo yake tayari. Dada aliandika CSS yake, yaani maagizo ya rangi na sura ya ukurasa, kwa mkono, mstari kwa mstari. Kila mmoja aliitazama kazi ya mwenzake kama mtu aliyekanyaga kinyesi.

Mama akiuliza wamefika wapi, walimwonyesha vitufe. Kitufe chenye kivuli, kitufe kisicho na kivuli. Mahali pa maneno walijaza herufi zisizo na maana. Mahali pa picha, miraba ya kijivu. Hakuna aliyemuuliza ataweka nini.

Sinki likajaa vyombo. Soksi zikahamia kwenye kochi. Mafundi wa rangi walipokuja, ndugu hao walilalamika kwamba harufu ya rangi inawaumiza kichwa, wakahama chumba hadi chumba wakibishana. Mpiga picha naye alipokuja, walimwinulia miguu apite.

Siku kaka alipomwambia dada hana akili ya kazi, na dada akamjibu ndiyo maana hakuna kampuni inayomvumilia mwaka, mama alikuwa mlangoni, sindano mkononi. Aliwatazama kama nzi wawili juu ya kidonda.

"Niliwazaa nyote wawili," alisema taratibu, "na sikubishana na mkunga kuhusu mkasi. Kesho ukurasa uwe hewani, la sivyo nampa fundi mwingine."

Aibu ikawapatanisha. Kaka akakubali Vue, dada akameza Tailwind kama dawa chungu, na kesho yake kabla ya jua la utosini ukurasa ulikuwa tayari. Kusema kweli, ulipendeza. Wakampisha mama kiti, wakamwonyesha pa kuweka picha na pa kuandika. Dada alimpiga kaka begani, wakacheka kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi.

Mama alichomeka flashi yenye picha aliyoachiwa na mpiga picha, akaanza kuandika kwa vidole viwili. Wanawe wakasimama nyuma yake, wakisubiri kuona magauni.

Picha ya kwanza ikafunguka: sebule ile ile waliyosimama. Chini yake mama aliandika: "Nyumba inauzwa. Vyumba vinne na bustani ndogo. Watu wazima wawili waliomo watahama mwisho wa mwezi."