Mwanya Chini ya Paa

Hata chai aliinywa akiwa na glavu mikononi.

"Zivue basi, Mtaalamu," seremala mwenye nyumba alimtania. "Kikombe hicho hakina meno."

"Popo ana meno," yule mwanamke alijibu. "Nimezoea kuwa nazo."

Alikuwa mtumishi wa idara ya wanyamapori. Aliitwa kwa ajili ya popo wadogo waliojipenyeza katika mwanya chini ya paa, juu kabisa ya dirisha la chumba cha mtoto. Seremala alikwisha kuranda ubao wa kuuziba. Ubao huo uliegemezwa ukutani, ukingoja neno moja tu la mtaalamu. Na neno hilo halikutoka.

"Tukiziba leo tutaua," alisema jioni ya kwanza. "Popo jike huzaa na kunyonyesha humo ndani. Giza likianza kuingia, hutoka kuwinda mbu na nondo. Mwanawe humwacha, maana hawezi kumbeba na kuwinda. Tukipigilia ubao saa hiyo, mama atabaki nje na mtoto atabaki ndani."

"Sasa tutaziba lini?"

"Watoto wakishaweza kuruka. Nitakuambia. Na mtu asipande huko juu. Mama akishtuliwa anaweza kumwangusha mwanawe."

Seremala alikuwa mtu wa kuheshimu neno la mwenye elimu. Akatii.

Tangu hapo mtaalamu akawa anakuja kila jioni. Alipanda ngazi hadi usawa wa dirisha, amebeba mashine ndogo ya kushusha sauti nyembamba za popo mpaka sikio la binadamu lizipate. Mara nyingi alisahau kuvaa visikilizio vyake, vikabaki vinaning'inia shingoni. Ndani ya dirisha, mtoto wa nyumba ile, waliyemwita Chiriku kwa sababu hakujua kunyamaza, aliimba, aligombeza wanasesere wake na kukataa kuoga.

"Shangazi Popo!" aliita siku moja. "Mama popo anamjuaje mtoto wake? Si wote wanafanana?"

"Anamjua kwa sauti. Wanaweza kuwa wengi, wamebanana gizani, wote wanalia. Yeye atamsikia wake."

"Hata akipotea siku nyingi?"

Mtaalamu alishika ngazi kwa mikono miwili. "Hata akipotea siku nyingi."

"Mbona mimi sijaona hata mmoja akitoka?"

"Ni wadogo, mwanangu. Akikunja mbawa anaenea ndani ya kisanduku cha kiberiti."

"Usimsikilize, huyu hataki kulala tu," mama wa nyumba alidakia, akaingia na kumfuta mtoto mkono. "Na sukari umeimaliza! Hebu mtazame mwizi wangu, dada." Akakiinua kidole cha mwisho cha mtoto, kilichopinda kwa ndani. "Kimejikunja kama kinamwita mtu. Kwa baba yake hakipo, kwangu hakipo. Tulikabidhiwa akiwa hivi hivi, angali mchanga, na hatubadilishi kitu. Ndicho anachochotea sukari."

Watu wa nyumba wakacheka. Mtaalamu alisema kwamba ni kidole kizuri, kisha akateremka kabla ya muda wake, akasema mashine imeishiwa na betri.

Mawingu yakaanza kujikusanya. Siku moja seremala alimngoja uani, ameketi juu ya ule ubao.

"Mtaalamu, mimi si mtu wa kelele, lakini mvua inakuja, na kitanda cha mtoto kiko chini ya mwanya huo. Nimepiga simu ofisini kwenu. Wananiambia hawajui popo gani anayenyonya muda wote huu. Wananiambia pia kazi hii haikuwa yako. Uliiomba."

"Niliiomba."

"Unawapenda popo kuliko watu, dada yangu."

Alitazama dirisha, kisha ubao. "Nipe jioni moja tu, Fundi."

"Moja. Kesho nagongomea, wawe wameruka au hawajaruka."

Jioni ile hata mashine hakuiwasha. Alisimama juu ya ngazi, paji la uso wake likigusa ukuta, huku ndani Chiriku akiwaaga wote kama ilivyokuwa kawaida yake: lala salama baba, lala salama mama, lala salama mwanasesere mwenye jicho moja. Akapiga mwayo, akaongeza: "Na watoto wa popo, lala salama. Na mama yao."

Nje ya dirisha, midomo ya mtaalamu ilitikisika. Akateremka ngazi polepole.

Kesho yake alifika mchana, wakati Chiriku yuko shuleni. "Wameruka wote," alisema. "Ziba."

Seremala akapanda, nyundo kiunoni. Alipofika juu aliusogelea mwanya. Utando wa buibui ulikuwa umetanda mwanya mzima, haukutoboka popote, umelemewa na vumbi. Kinyesi kidogo kilichosalia ukingoni kilisagika kama majivu alipokigusa.

"Mtaalamu," aliita polepole. "Humu popo walihama zamani. Nawe ulikuwa unapanda hapa kila siku."

"Ziba, Fundi. Tafadhali."

"Ulikuwa unasikiliza nini?"

Mwanamke aliinamia kopo la misumari. Misumari ilikuwa midogo na glavu zilikuwa nene, hakuweza kuishika. Akazivua, moja baada ya nyingine, akachagua msumari na kumwinulia.

Seremala aliinama kuupokea, na mkono wake ukabaki hewani. Kidole cha mwisho cha yule mwanamke kilikuwa kimepinda kwa ndani, kama kinamwita mtu.