Macho ya Tunu

Nyamizi alitua kapu la mawe ya kijani mlangoni pa ghala la madini, mbele ya mizani.

"Umeleta nini?" akauliza mpimaji mgeni.

"Macho ya Tunu."

"Jina hilo limefutwa, mama. Sema shaba ghafi, nipime."

Nyamizi akalivuta kapu karibu. Katika mji ule, ukiliita jiwe la shimo lako kwa jina jingine mbele za watu, umelitupa shimo, aingie atakaye. Na shimo lile bibi yake Tunu alilichimba kwa jembe la mkono.

"Sema basi, dada wee, jua kali!" foleni nyuma yake ikapiga kelele.

"Jifunikeni."

Akalikalia kapu palepale mlangoni, akakunja miguu. Mpimaji akaokota jiwe moja lililodondoka kapuni, akaligeuzageuza juani, midomo ikianza kufunguka: "Macho..."