Kiganja cha Mjane

"Wanawake wangu nawatunga kichwani mwangu. Sijamuiga mtu hata siku moja!"

Malkia, kama wenzake walivyombandika jina, alijigamba hivyo jukwaani wakati wa mazoezi. Nani angembishia? Ameshaigiza jaji, jambazi, na sasa mjane anayewatimua mashemeji waliokuja kumnyang'anya nyumba.

"Haya, mjane, kazini!" mwongozaji akaita.

Mashemeji wakafoka. Malkia alitandaza kiganja, akaifuta meza taratibu, ingawa ilikuwa safi kama sahani ya mwenye njaa. Ndipo akasema, "Tokeni."

Mwongozaji akapiga makofi. "Umeitoa wapi hiyo?"

"Si nimeshasema? Kichwani."

Mbele ya viti vitupu alisimama mdogo wake, na mfuko wa nguo za marehemu mama yao, alizozileta wagawane. Mama aliugua miezi saba. Malkia alikuwa na mazoezi, akafika siku ya kuzika.

"Dada, huyo ni mama."

"Basi ni mama. Baba akifoka, yeye anafuta meza. Jasiri yule!"

"Hakuwa anafuta, dada. Mkono ulikuwa unatetemeka, akaubana pale tusiuone. Mwishoni aliubana kwenye shuka, akikuulizia."

"Turudie," mwongozaji akasema.

Mashemeji wakafoka tena. Malkia akaweka kiganja mezani, akakikandamiza kwa nguvu zake zote.

Mdogo wake hakumtazama usoni. Aliutazama mkono.